Maua meupe ya vichakani Jilore: ni lonisera au ni afu?

Mwalimu wa Jilore ameuliza:

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Ninaishi Jilore, upande wa bara wa Malindi, si mbali na ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, na nimefundisha huku kwa muda wa kutosha kuwasomesha watoto wa wale niliowasomesha mwanzo. Nina swali ambalo limeniondolea utulivu tangu mvua za vuli zilipoanza, na naomba wenye ujuzi wa mimea wanisaidie kabla halijatokea la kutokea.

Mpwa wangu anayesoma Mombasa alikuja likizoni na video kwenye simu yake, ikiwaonyesha watu wa Marekani wakichuma maua meupe na ya manjano kando ya njia za mashambani, wakikivuta taratibu kitako cha kila ua mpaka litoke tone dogo la asali, kisha wakalifyonza. Mmea huo aliutaja kwa jina la lonisera, na akaeleza kwamba Wachina huvikausha vitumba vyake na kuvichemsha kuwa dawa ya homa na ya koo. Tangu siku hiyo watoto wa kijiji wanayafyonza maua meupe ya vichaka vyetu, kwa kuwa nayo yana umbo la mrija mwembamba na hunukia sana ifikapo jioni. Jirani yangu mmoja amekwisha kuanika sahani nzima ya maua hayo juu ya bati, akikusudia kumchemshia mwanawe mwenye kikohozi. Nimemwomba asubiri kwanza, naye amekubali, lakini si kwa moyo mweupe.

Nilikwenda mwenyewe kuangalia mahali watoto wanapochuma, nikaona mimea miwili tofauti inayotajwa kwa jina moja. Wa kwanza ni mmea wa kutambaa unaojiviringisha kwenye miti mingine, majani yake hukaa matatu matatu, maua yake ni meupe, na yaliyotangulia yamekwisha kuwa vitunda vyeusi. Wa pili haupandi popote: ni kichaka kinachosimama chenyewe, chenye majani magumu ya kung'aa, na maua yake yamesongamana kwenye makwapa ya majani, meupe yenye wekundu hafifu kwa nje. Harufu ya huo wa pili ni tamu mno, na watoto wanaupenda zaidi kwa sababu maua yake yako karibu na mikono yao.

Naomba kujua kama lonisera inaota kwetu, kama maua haya yanafaa kunywewa au kufyonzwa, na wazee wetu waliyatumia kwa kazi gani. Nina hakika hayakuachwa bure vichakani miaka yote hiyo.

Mstaafu wa Misitu, Gede, amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Kabla sijafika kwenye lonisera, nakuomba uwakusanye watoto leo hii, usingoje kesho, uwakataze kuugusa huo mmea wa pili. Kwa jinsi ulivyoueleza, yaani kichaka kisichotambaa, majani magumu ya kung'aa na maua meupe yenye wekundu yaliyobanana makwapani, naogopa kwamba ni msungu, ambao Wagiriama wanauita mutsungu. Huo ndio mti wa sumu ya mishale. Wagiriama na Waata, wawindaji wa kale wa pande zetu, waliwinda hata ndovu kwa sumu hiyo: walichemsha vipande vya mti na mizizi kwa saa nyingi mpaka maji yakawa mazito na meusi kama lami, wakayapaka kwenye chembe za mishale. Sumu iliyomo humo hushambulia moyo, na wataalamu wa Ufaransa waliitenga mwaka 1888 wakaipa jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale, kwa kuwa Wasomali nao wanaujua mti wa jamii hii tangu kale.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni kwamba maua ya msungu hunukia kama asumini. Anayefuata pua peke yake hawezi kuutambua. Kadhalika matunda yake huwa ya rangi ya zambarau iliyokolea, mviringo kama zambarau zenyewe, na mtoto mwenye njaa anayetoka shule hatasita kuyatia mdomoni. Ikiwa kuna mtoto aliyefyonza au kutafuna sehemu yoyote ya kichaka hicho, na hasa akianza kutapika, kuishiwa nguvu au kulalamika kwamba moyo unamwenda vibaya, asitapishwe kwa nguvu wala asinyweshwe dawa ya nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, na anayempeleka achukue tawi la mmea wenyewe ili daktari aone kilichomfika.

Utauchanganya pia na mtandamboo, kwa kuwa ni jamaa yake wa karibu na maua yao yanafanana sana. Mtandamboo una miiba mirefu na matunda yake huliwa, na wengi wetu tuliokulia huku tumeyala. Msungu hauna miiba. Yote miwili hutoa utomvu mweupe kama maziwa ukivunja tawi au jani. Nakueleza alama hizi ili ujue cha kukimbia. Kama ni kutafuta cha kula, alama hizi hazitoshi, na mtoto asipewe tunda la kichakani ambalo mtu mzima anayelijua hajaliona kwa macho yake.

Sasa nije kwenye lonisera. Mmea huo hauoti wenyewe katika pwani yetu. Asili ya jamii yake ni nchi za kaskazini mwa dunia, na jina lake linamkumbuka Adam Lonicer, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1586. Ule wa kwenye video bila shaka ni wa aina iitwayo Lonicera japonica, wenye asili ya Japani, Korea na China. Maua yake huchanua meupe, kisha kwa muda wa siku moja au mbili hugeuka kuwa ya manjano, hivi kwamba katika tawi moja utaona rangi zote mbili kwa pamoja. Kwa sababu hiyo Wachina wakauita jin yin hua, yaani ua la dhahabu na fedha. Ni kweli kwamba huvichuma vitumba kabla havijafumbuka, huvikausha na kuvitumia kwa homa, koo na vipele, mara nyingi vikiwa vimechanganywa na dawa nyingine. Ni kweli pia kwamba watoto wa huko hufyonza asali yake. Lakini hata huo una mipaka yake: vitunda vyake havina usalama huo wa ua, na anayevila huumwa tumbo na kutapika.

Ukitaka kuuthibitisha bila shaka yoyote, litazame ua lenyewe. Ua la lonisera limegawanyika kama midomo miwili, wa juu mpana wenye ncha nne na wa chini mwembamba mmoja, na nyuzi zake za ndani zinachomoza nje kama ndevu; tena maua hukaa mawili mawili kwenye kila kwapa la jani. Ua la mmea wako wa kwanza ni la nyota, ncha zake zinalingana pande zote, na hakuna ndevu zinazoonekana nje. Ukiongeza ile alama ya majani matatu matatu na vitunda vyeusi, huo wa kwanza kwa maoni yangu ni mwafu, yaani asumini mwitu. Hauna ubaya wa msungu, lakini sijapata kusikia mzee yeyote wa pande zetu aliyeufanya kuwa dawa ya kikohozi, na mtu hawezi kuikopa dawa ya Wachina akaitia katika mmea mwingine kwa sababu tu yote miwili ni meupe na inanukia. Mwambie jirani yako, kwa upole, ayatupe yale maua ya kwenye bati, kwa sababu hakuna anayejua katika sahani ile yamo mangapi ya mwafu na mangapi ya msungu.

Binti wa Langoni, Lamu, amejibu:

Mwalimu wangu, pole kwa wasiwasi, na Mzee wa Gede ahsante sana, kwa kuwa umelisema la hatari kwanza. Mimi nitajibu lile swali lako la mwisho, kwa sababu limenigusa. Kwetu Lamu maua ya mwafu yana jina lake: yanaitwa afu. Nasikitika kuona kwamba vijana wetu sasa wanalijua jina la ua la Japani, na hili la kwao halimo tena midomoni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akinichukua kwenda kuchuma afu kwenye vichaka vya mashamba ya nyuma ya mji, baada ya swala ya alasiri. Wakati huo ndio wenyewe. Vitumba huwa vimevimba na kuwa vyeupe lakini bado vimefumba, kisha hufumbuka jua likizama, vikiwa tayari vimo nyumbani. Ukichuma asubuhi utapata maua yaliyokwisha kutoa harufu yake usiku kucha, na ukichuma mchana wa jua kali yatanyauka kabla hujafika mlangoni. Yeye alikuwa na kikapu cha miaa alichokitandika jani la mgomba, akivinyunyizia vitumba maji kidogo kwa vidole, na hakuniruhusu kuvikandamiza hata kidogo, kwa kuwa kitumba kilichominywa huwa cheusi ukingoni na harufu yake huchacha. Alichuma kwa kucha mbili, akiliacha tawi lilivyo. Aliyevuta tawi zima alirudishwa nyumbani, nami nilirudishwa mara moja, nikalia njia nzima.

Kazi ya kwanza ya afu ni kutungwa. Vitumba hutungwa kwa sindano na uzi wa pamba, kimoja baada ya kimoja kupitia kitako, mpaka liwe koja la kuvaliwa shingoni au kuzungushwa kwenye nywele zilizosukwa. Afu ni dogo kuliko asumini ya kupandwa uani, kwa hiyo koja lake linahitaji maua mengi na subira, na kwa maoni yangu uzuri wake umo katika wembamba huo. Kazi ya pili ni kikuba. Hapo afu au asumini hufungwa pamoja na rihani, petali za waridi na vipande vya mkadi, kikawa kifungu kidogo cha kupachikwa kifuani au kwenye nywele. Kitanda cha maarusi hunyunyiziwa maua hayo, na katika Maulidi utaona chetezo cha udi kinapita, mrashi wa marashi unapita, na wanawake wamejipamba vikuba vyao, kiasi kwamba mtu anayetoka pale hubaki na harufu ile nguoni mpaka kesho yake.

Niseme kidogo juu ya mkadi, kwa sababu nao huchumwa porini na unastahili kuelezwa kwa uangalifu. Mkadi huota kwenye mchanga wa karibu na bahari na mahali penye majimaji, juu ya mizizi inayosimama kama miguu, na majani yake marefu yana miiba midogo kingoni inayokata kama msumeno. Mkadi jike na mkadi dume ni miti mbalimbali: jike huzaa tunda kubwa linalofanana na nanasi, na dume hutoa shada lililofunikwa na makuti meupe laini. Harufu tunayoitafuta ni ya hilo shada la dume. Anayekwenda kulikata asivae mikono mifupi, na asikate kichwa cha mti, kwa kuwa tawi lililokatwa kichwa halitoi shada jingine. Vipande vya mkadi vilivyokauka huwekwa ndani ya kasha la nguo, katikati ya kanga na leso, na hunukia kwa muda mrefu baada ya afu na asumini kwisha.

Kazi ya tatu ya afu ni mafuta, na hapa ndipo nimeona watu wengi wakiharibu, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyofundishwa. Maua haya hayataki moto. Ukiyachemsha kwenye mafuta utapata harufu ya majani yaliyopikwa. Chukua mafuta ya ufuta yasiyo na harufu kali, au mafuta ya nazi yaliyochujwa vizuri. Ukitumia ya nazi wakati wa kusi yataganda asubuhi, na hilo si kosa, yaache yayeyuke yenyewe kwa joto la mchana. Yaanike maua kivulini muda mfupi ili umande na maji yaliyonyunyiziwa yakauke, kwa sababu maji ndiyo yanayoyachachisha mafuta. Yatie kwenye chupa ya mdomo mpana, yafunike kwa mafuta, uyaache mpaka kesho yake jioni. Yachuje kwa kitambaa cha melimeli bila kuyakamua kwa nguvu, kisha utie maua mapya katika mafuta yale yale. Bibi yangu alifanya hivyo siku saba mfululizo. Ua la asumini lina tabia kwamba huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa, nayo mafuta huinywa kidogo kidogo, ndiyo maana haraka haisaidii. Mafuta hayo ni ya nywele na ya mwili. Hatukuyanywa, na wala hatukumpa mtoto ua hilo alifyonze.

Mfuga Nyuki wa Kakuyuni amejibu:

Nawasalimu wote. Nataka kuongeza mambo mawili tu.

La kwanza ni kwamba watoto wanatafuta utamu, na tukiwakataza bila kuwapa kingine watarudi kule kule pindi tutakapogeuka. Huku kwetu yapo matoria na mabungo, matunda ya mimea inayotambaa misituni, ambayo tumeyala sisi na wazazi wetu, na bungo hata sokoni Malindi linauzwa na kufanywa sharubati. Mtoto atembezwe na mtu mzima aonyeshwe miti hiyo mmoja mmoja, ajue jina la kila mmoja kwa Kigiriama na kwa Kiswahili. Mimi nilioneshwa msungu na baba yangu nikiwa na umri wa mtoto wa chekechea, na aliniambia neno moja tu, kwamba huo una wenyewe, tusiuguse.

La pili ni juu ya mahali pa kuchuma. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni hifadhi, na anayetaka kuchuma chochote ndani yake apitie kwanza kwa ofisi ya misitu na kwa chama cha jamii kinachoshirikiana nayo. Misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nayo ina wazee wake, na haifai mtu kuingia na kikapu bila idhini yao, si kwa sababu tu iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, bali kwa sababu iliheshimiwa hivyo tangu kabla ya hapo. Kwa afu hakuna haja ya kwenda huko, maana umejaa kandokando ya mashamba. Tena msichume yote. Mwafu hufunguka usiku na hutembelewa na nondo wenye ulimi mrefu, na mmea uliovuliwa maua yote msimu huu hautakuwa na vitunda vya kuwalisha ndege wala mbegu za kuota.

Mwalimu wa Jilore amejibu:

Wazee wangu na dada yangu wa Lamu, sijui niwashukuru vipi. Jana asubuhi nilikwenda kichakani pamoja na mzee mmoja wa hapa ambaye baba yake alikuwa mwindaji. Alipouona ule mmea wa pili hakuhitaji hata kuukaribia. Alisimama mbali, akautaja kwa jina, na akaniuliza ni nani aliyewaruhusu watoto kucheza hapo. Nilipovunja jani, utomvu ulitoka mweupe. Kwa rehema za Mungu hakuna mtoto aliyeugua, na wale wakubwa wanasema walikuwa wakifyonza tone tu na kulitema kwa sababu lilikuwa chungu. Tumewakusanya watoto wote, mzee amewaonyesha mti ule mmoja mmoja, na tumekubaliana na mwenye shamba aukate wakati sisi tukiwa tumesimama hapo, avae glavu, na matawi yazikwe, yasitumiwe kuni.

Jirani yangu ameyatupa maua ya kwenye bati na amempeleka mwanawe zahanati. Nilimwonyesha majibu yenu, naye akasoma mwenyewe mpaka mwisho, na aliponirudishia simu alisema angalau sasa anajua alitaka kumchemshia mtoto nini.

Nina swali moja lililobaki. Mpwa wangu anataka kuagiza mbegu za lonisera halisi kupitia intaneti, tupande hapa Jilore, ili tuwe na hiyo dawa ya koo bila kubahatisha. Mnaonaje?

Mstaafu wa Misitu, Gede, amejibu:

Mwalimu, Alhamdulillahi, umeniondolea mzigo. Kuhusu mbegu, namsihi mpwa wako asiagize. Kwanza mbegu za kutoka nje haziingizwi nchini bila kibali na ukaguzi. Pili, huo mmea ulipelekwa Marekani mwaka 1806 kwa ajili ya uzuri wake, na leo katika majimbo mengi ya huko unahesabiwa kuwa magugu, kwa sababu hupanda miti na kuifunika mpaka ikose mwanga. Sisi tunajua kilichotupata kwa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka nje miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa. Waulize wafugaji wa Tana River. Tena usidhani kwamba mimea yetu ni ya upole popote inapokwenda: huu huu mwafu wetu umefika Florida na Hawaii, na huko wanaung'oa kwa bidii kama sisi tunavyong'oa mathenge. Kila mmea una mahali ambapo ndege, wadudu na ukame vimezoea kuuwekea mpaka. Mwafu mpaka wake uko hapa.

Binti wa Langoni, Lamu, amejibu:

Naungana na Mzee. Mwalimu, ikiwa unataka ua la kupandwa shuleni au uani kwako, panda huo mwafu. Kata vipande vya shina lililokomaa kidogo, urefu wa shubiri moja, kila kimoja kiwe na vifundo viwili au vitatu, uvizike nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, mahali penye kivuli cha nusu siku. Fanya hivyo masika yanapoanza, ili mvua ikusaidie kumwagilia. Mmea ukianza kutambaa, usiuache utambae ovyo; weka fito za mikoko au uzi imara uuelekeze kwenye uzio, na uupunguze kila baada ya kuchanua, kwa kuwa maua hutoka kwenye matawi mapya.

Watoto wako wakishaweza kutunga koja, niarifu. Nitawatumia sindano ndefu za kutungia kutoka huku Lamu, maana hizi za kawaida za kushonea hupasua kitako cha kitumba.